Tundu Lililorukwa

Jumapili, tarehe tisa

Kwako dada yangu mkubwa,

Salamu zitangulie, maana wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua isiyo na salamu ni kama mgeni anayeingia bila kupiga hodi. Hujambo? Kile kifua kinakubana bado wakati wa baridi, au umepata pa kulala pasipo na unyevu? Sisi huku hatujambo kwa kadiri yetu. Baba anakwenda kazini na kurudi. Mdogo wetu Redio ana afya njema, ukiacha lile unalolijua. Mimi nipo.

Barua hii nimemkabidhi rafiki yako msusi. Alikataa katakata kuniambia unapoishi, akasema alikuapia, lakini alikubali kuibeba. Akanitania kwamba amegeuka posta ya watu waliokasirikiana na kwamba siku moja atatudai stempu. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ukifika mahali utakapotaka kuichana.

Nianze na habari za nyumbani. Chumba chako kiko vilevile, ila dirisha limevimba kwa mvua na halifungi vizuri. Tangu mama atangulie, baba ndiye anayepika siku nyingi, na chumvi yake haijapata kipimo. Tunakula tu, hakuna wa kumwambia. Redio anajifunza useremala. Seremala mwenyewe anasema hajapata mwanafunzi kama yule, hasumbuliwi na kelele za msumeno. Bado anaongea kama zamani, tena kwa sauti kubwa zaidi kwa kuwa haisikii mwenyewe, na mtaani wanasema redio imebaki na spika, imepoteza antena. Alipoyasoma maneno hayo midomoni mwao alicheka kuliko waliosema. Tukitaka kumwita tunagonga meza, anahisi mtikisiko kwenye viganja. Wakati mwingine nagonga na yeye hajaweka mikono mezani, basi nasubiri.

Baba hakutaji. Akiulizwa kazini ana watoto wangapi, anajibu wawili. Nimejiuliza kama nikuandikie hili au nilifiche, nikaona ukiwa hulijui, yatakayofuata hayatakuwa na uzito wake.

Mimi nimepata kazi tangu mwaka jana, katika ofisi ndogo ghorofani, juu ya duka la rangi. Ukishinda mle siku nzima unarudi nyumbani ukinuka kama ukuta mpya. Tunatengeneza kurasa za tovuti. Mwenye ofisi tunamwita Kocha, kwa sababu kila mfanyakazi kwake ni mchezaji: akichelewa yuko benchi, akikosea amejifunga bao. Nilipokwenda kuomba kazi nilimwambia elimu yangu ni sekondari tu. Akasema hata mpira hauulizi cheti. Alinifundisha kwa mkono wake JavaScript, lugha inayofanya ukurasa usikie unapobonyeza na utende jambo. Dada, ni mtu mwema. Alipojua nyumbani tuna mgonjwa aliyepoteza masikio, alinipa ruhusa ya kumpeleka kliniki bila kuniuliza nitarudi saa ngapi. Sitaki umdhanie vibaya kabla ya wakati.

Kazi yangu kubwa ni fomu. Katika fomu ya karatasi mistari ikiisha, mtoto wa mwisho unamwandika pembeni. Fomu ya tovuti haina shida hiyo. Unatengeneza sehemu ya mtu mmoja tu, yaani jina, uhusiano na tarehe ya kuzaliwa, na chini yake unaweka kitufe cha “Ongeza mtu”. Kikibonyezwa, ile sehemu inajinakili na nakala inapewa namba inayofuata. Hata mwenye ukoo mzima ataongeza mpaka achoke. Kando ya kila sehemu kuna kitufe kingine, “Ondoa”. Nazipenda fomu hizi. Kila kitu kina namba yake na mahali pake, nawe unajua nilivyo tangu utotoni, nilikuwa napanga viatu vya wageni mlangoni kwa ukubwa.

Mwezi uliopita Kocha aliniita, akaniambia mteja wa zamani anataka fomu yake iongezwe sehemu ya watoto walio shuleni. Nikaifungua. Nikaona ule utepe wa buluu juu, na neno “Wategemezi” katikati. Ilikuwa fomu ya mfuko wa matibabu wa kiwanda cha mashati anakofanya kazi baba. Sikuwahi kujua kwamba aliyeitengeneza ni Kocha, miaka kabla sijafika. Fomu ni kama shati, humwoni aliyelishona.

Siku uliyoijaza naikumbuka. Nilikuwa napiga pasi, baba amesimama nyuma yako, mikono mgongoni. Majina ya mwaka uliotangulia yalijitokeza yenyewe: baba, mama, wewe, mimi, Redio. Baba akasema mama aondolewe, kwani mfuko ulikuwa umetangaza kwamba atakayeacha jina la marehemu ataadhibiwa. Ulimuuliza kama haiwezekani kungoja kidogo. Akajibu kwamba kungoja hakumrudishi mtu. Ukabonyeza. Ukatusomea waliobaki, baba, wewe, mimi, Redio, na Redio akaitika “nipo” kama yuko darasani. Ukabonyeza “Tuma”, ukurasa ukashukuru, basi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyemshika Redio kichwa njia nzima. Homa, shingo imekakamaa kama mti, na yule karani wa dirishani hospitalini akitafuta jina la Redio kwenye kompyuta yake na kulikosa. Sote watatu tulikuwemo, yeye hakuwemo. Tukapewa vidonge vya kutuliza homa na kuambiwa tulete barua ya mfuko, na ofisi ya mfuko ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Alipolazwa hatimaye, daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo na kwamba tushukuru amebaki na uhai, masikio yamekwenda.

Naye baba akasema ulipomfuta mama yako ulimfuta na mdogo wako. Ulimwambia ulimwona kwenye kioo cha kompyuta, ulimsoma kwa sauti, mwenyewe akaitika. Baba akasema kompyuta haina kinyongo na mtu, itamwacha kwa kisa gani. Akakuambia ufungashe. Mimi nilisimama pale nikiwa na akili ya kupanga viatu, nikawaza kwamba baba ana hoja. Sikusema, lakini na wewe hukusikia nikikutetea.

Sasa nikueleze la tarehe tatu mwezi huu. Kila fomu ninayoigusa naijaribu kwanza kwenye nakala ya ofisini, ambayo haifiki kwa mteja. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, wenzangu wameteremka, nami kwa uvivu wa kubuni majina nikaandika ya kwetu. Baba wa kwanza, mama wa pili, wewe wa tatu, mimi wa nne, Redio wa tano. Nikajaribu kuongeza, kukawa sawa. Ikabaki kujaribu kuondoa. Kidole hakikuwa na wa kumwondoa ila mama. Nikabonyeza, tukabaki wanne kwenye kioo, wote tunaonekana vizuri. Nikatuma, kisha nikafungua upande wa pili, kule taarifa zinakopokelewa, nione waliofika.

Walifika watatu. Baba, wewe, mimi.

Nilirudia mpaka wenzangu wakapanda ngazi na mifuko yao ya vyakula wakaniuliza kama nimeona mzimu. Kisha nikausoma msimbo, yale maagizo yanayoiendesha fomu, mstari kwa mstari. Jambo lenyewe ni dogo hata linatia aibu. Mama alipoondolewa, namba yake iliondoka naye, lakini waliobaki hawakupangwa upya. Baba aliendelea kuwa wa kwanza, wewe wa tatu, mimi wa nne, Redio wa tano. Fomu ikahesabu watu, ikaona ni wanne, ikauambia upande wa pili upokee wanne. Na upande wa pili ukaenda moja, mbili, tatu, nne. Kwenye mbili haukukuta mtu, ukapita. Kwenye nne ukanikuta mimi, ukafunga mlango. Redio alikuwa nje, na namba tano yake mkononi.

Hukusahau, dada. Hukubonyeza vibaya. Ulimwondoa mama peke yake kama ulivyoagizwa, na Redio ulimtuma.

Tena ona lilivyokaa. Anayeongeza tu hapatwi na kitu. Anayemwondoa wa mwisho hapatwi. Hupatwa yule anayeondoa mtu wa katikati, na mtu wa katikati mara nyingi huondolewa kwa sababu amekufa. Watu wa nyumba kama hizo hawalalamiki kwa fundi. Wanakaa wanatazamana, wanamtafuta aliyekosea miongoni mwao.

Nilimweleza Kocha. Alivua miwani, akaniambia nirekebishe. Nikarekebisha: sasa mtu akiondolewa, waliobaki wote wanapangwa upya kuanzia moja. Kisha akasema basi, mechi imekwisha, mchezaji hamfuati refa baada ya kipenga kumwonyesha kosa la timu yake mwenyewe. Nikamwambia huko nje kuna watu walioachwa, na hakuna kumbukumbu ya majina yao kwa sababu hayakupokelewa kamwe. Njia ni mfuko kuwatangazia wote wakague upya. Akasema mfuko ukijua, kazi zote za kiwanda zitaondoka, na sisi wote tutashuka zile ngazi na mikoba yetu. Ndipo nikamwambia kwamba mmoja wa walioachwa ni Redio, yule mgonjwa wetu. Hakuwa akijua. Akasema pole, na nikaona pole yake ni ya kweli. Lakini akaongeza kwamba hata nikisema, masikio hayarudi.

Ni kweli hayarudi. Nimeuandikia mfuko hata hivyo. Wamejibu kwamba ujumbe umepokelewa na utashughulikiwa. Kocha hakunifokea, ameacha tu kunitania, na mwisho wa mwezi huu natakiwa kukabidhi ufunguo wa ofisi, kazi imekwisha. Wenzangu wananipisha kwenye ngazi kama mtu aliyebeba maji ya moto.

Jana nilimwambia baba. Nilijua maneno ya kompyuta hayataingia, nikachukua kopo la vifungo vya mashati anavyoleta kutoka kazini, nikaanza kuvipanga mezani, hiki wewe baba, hiki mama. Sikufika mbali. Alinishika mkono, akaniuliza kama nataka kusema tundu limerukwa. Sikumwelewa. Akalivuta shati lake mwenyewe, akanionyesha kwamba mtu akiruka tundu moja la katikati akaendelea kufunga, kifungo cha mwisho chini kitabaki hakina tundu, na atakayekitazama atadhani kasoro ni ya kifungo. Nikasema ndiyo baba, ni hivyo. Akasema amewafokea wasichana wa kiwandani maisha yake yote kwa kosa hilo.

Halafu akaniuliza sasa amkasirikie nani. Nilimtaja Kocha, akatikisa kichwa, akasema yule hamjui, na hasira kwa mtu usiyemjua haina pa kukaa. Redio alikuwa akitusoma midomo tangu mwanzo. Aliviokota vifungo, akavirudisha koponi kimoja kimoja, na kwa ile sauti yake kubwa akasema yeye alijua siku zote kwamba dada hawezi kumsahau, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa akimwambia anyamaze. Majirani wote walisikia.

Baba alitoka nje, akarudi giza likianza kuingia. Akaniuliza jambo moja: siku ile ulipobonyeza kumwondoa mama, je, ile kompyuta ilikuuliza kwanza kama una hakika? Nikamwambia hapana, Kocha hakuliweka swali hilo. Ukigusa tu, mtu anatoweka. Nikamwambia nimeliweka mimi sasa. Yatatokea maandishi, “Una hakika unataka kumwondoa mtu huyu?”, na mtu anaweza kujibu hapana, kila kitu kikabaki kilivyokuwa. Akasema hiyo ni kazi nzuri, mtu aulizwe. Akakaa. Kisha akasema naye siku ile alipokuambia ufungashe, hapakuwa na wa kumuuliza.

Hakusema zaidi ya hapo, nami sitaki kumsemea. Lakini leo asubuhi nimemkuta na randa ya Redio, analikwangua lile dirisha la chumba chako, na kila baada ya muda analisukuma aone kama linafunga.

Msalimie mwenye nyumba wako na wote wanaokutendea wema huko. Redio anakusalimu, anasema ukija uje na maneno ya kutosha, atayasoma. Msusi anajua siku nitakayopita tena kwake. Usipokuwa na la kuandika, mpe hata karatasi tupu, nitajua imefika. Lala pakavu, dada, na kifua kikupe nafasi.

Ni mimi mdogo wako,
yule niliyesimama bila kusema.