Shamba Lililokuwa Chini ya Maji

Akinyi mjukuu wangu,

Huku Kisumu sote tu wazima. Goti la nyanya yako limepoa, ameanza tena kugombana na kuku wa jirani. Unauliza kwa nini vitabu vyako viwili vinatofautiana kuhusu ukubwa wa Kenya. Kimoja kimehesabu na maji ya ziwa, kingine nchi kavu peke yake.

Nikiwa kijana, miaka ya sitini, ziwa lilifurika likameza shamba letu la mtama. Wapimaji wa ardhi walipokuja, waliishia ukingoni mwa maji. Mama yangu akapandisha rinda, akaingia majini hadi kiunoni, akipapasa kwa miguu mpaka akapata visiki vya ua wa shamba letu.

"Mama, toka huko!" mpimaji mmoja akapaza sauti. "Sisi tunapima nchi kavu."

"Na mimi nimesimama juu ya nini, Bwana?"

Mpimaji akacheka, kisha akamwelekezea darubini yake ya kupimia. Mpaka wetu ukachorwa hadi pale.

Ziwa lilirudi nyuma polepole. Mtama wa shamba hilo ndio uliomkuza baba yako. Kwa hiyo ukisoma ukubwa wa nchi, uliza kwanza mpimaji aliishia wapi, na nani alikuwa amesimama mbele yake.

Babu yako