Sanamu Kisimani kwa Mama Lin

Saint-Gilles, Jumanne, Novemba 2013

Mvua tangu alfajiri, ile ya Brussels, nyembamba, haizidi wala haikatiki. Leo nimeharibu, na sina wa kumwambia ila hapa.

Mama Lin ni bibi wa Kichina ninayemhudumia nyumbani kwake, nyuma ya kituo cha treni cha Gare du Midi. Miaka mitatu namuogesha, na miaka mitatu ananisimulia mtaa wake wa China kwa Kifaransa cha kuokoteza: familia sita ua mmoja, kisima kimoja, nani aligombana na nani kwa ajili ya ndoo. Jina la mtaa limeandikwa kwenye karatasi nyekundu juu ya kitanda. Baridi ikiisha alikuwa anarudi huko, kufia kwao. Alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Jana, kwenye dirisha la wakala wa safari kule Ixelles, nikaona herufi zilezile. Wallahi nilifurahi kama mjinga. Nikaomba kijitabu, na leo asubuhi nikampa pamoja na chai.

Alivaa miwani, akatazama picha. Mlango wake, mpya, umepakwa rangi. Watalii wamevalishwa kanzu za hariri wanapigwa picha. Na pale kisimani, sanamu ya shaba ya mwanamke anaosha mchele.

"Huyu ndiye mimi?" akaniuliza. "Na wengine wako wapi?"

Nikamjazia chai tena.

Mchana mwanawe akaja, akanivuta jikoni. Hakunifokea, heri angenifokea. Mtaa ulibomolewa zamani, akasema. Watu walipelekwa kwenye maghorofa ya mbali, wakaahidiwa watarudi, hakurudi hata mmoja. Kisha ukajengwa upya kwa sura ya kale, kwa ajili ya watalii, na mlangoni tiketi. Familia nzima ilikuwa inamficha mama.

Eti mimi ndiye wa kutolijua hilo! Sisi watu wa Buyenzi, kule Bujumbura, ni mafundi wa kuficha. Baba alikufa huko mimi niko kituo cha wakimbizi hapa, nasubiri karatasi. Miezi saba nikipiga simu naambiwa baba kalala, baba yuko msikitini. Nilipojua, niliwachukia wote. Leo ndiyo naelewa: walinipa miezi saba zaidi ya kuwa na baba.

Mimi Mama Lin nimemnyang'anya kwao asubuhi moja tu, tena nikitabasamu.

Jioni hakugusa chakula. Nilipokuwa namfunga vifungo vya nguo ya kulalia akaniuliza, kama mtu anayeulizia basi linapita saa ngapi: hapa Brussels, nafasi ya makaburini inaombwa wapi? Nikamwambia nadhani ni ofisi ya komine, ya serikali ya mtaa, kuna fomu. Bon, haya, akasema, nimchukulie.

Nililia bafuni, bomba nimelifungulia.

Kesho nitapanga foleni. Buyenzi sijakanyaga miaka kumi na tatu, na kila nikipiga simu naambiwa nyumba ipo, usijali, nyumba ipo.

Nichukue fomu moja, au mbili?