Filigisi ya Mtani

Jumamosi, 4 Juni 2011

Kibwana kaja mchana kama kila Jumamosi. Hakupiga hodi. Kafungua friji, kanywa juisi ya binti yangu Neema, kisha kaketi na kuchomoa filigisi kwenye sahani yangu kabla sijanawa. Nikamwita mwizi. Akasema Msukuma aliyezoea kula ng'ombe mzima atafanya nini na filigisi moja ya kuku, bora ampunguzie usumbufu. Kabula kacheka mpaka kashika meza. Mke wangu hucheka hivyo Kibwana akisema. Nikisema mimi, huuliza kama nimetoa takataka.

Ndio utani huo. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma. Yeye anachukua, mimi natukana, wote tunakula. Tunakaa jengo moja huku ughaibuni, mtaa wa Flemingdon, yeye chini yetu. Tangu ahamie sijaonja filigisi.

Leo kaja na habari. Tajiri wake wa gereji, Mzungu anayeitwa Rick, kanunua boti ya mashindano. Zile zile za mtoni. Kibwana ndiye atakayeipuliza rangi.

Nikasema hongera. Nikamega tonge jingine.

Jumatano, 8 Juni

Nimeendesha gari la mikate siku nzima nawaza boti. Niseme humu maana hakuna atakayesoma: boti zile ni zangu. Sina hata kasia, lakini mimi ndiye niliyeziona kwanza. Nilikuwa napeleka mikate kwenye ule mji mdogo wa mtoni, mwendo wa saa tatu hivi kwenda mashariki. Nikasikia ngurumo. Nikaegesha. Kumbe boti, inakimbia juu ya maji bila kuyagusa, inagusa kidogo tu kwa makalio, nyuma yake ukuta mweupe wa maji. Mikate ilichelewa na nilisemwa. Sikujali.

Kiangazi kilichofuata nikamchukua Kibwana. Njia nzima alilalamika kwamba Msukuma anamtoa mjini kwenda kutazama mitumbwi. Boti ya kwanza ilipopita, akanyamaza. Sijawahi kumwona amenyamaza vile.

Tangu hapo ni kila mwaka. Viti viwili vya kukunja, jiko la mkaa, mahindi. Kabula na Neema wakichoka na kelele huenda kununua aiskrimu. Sisi hatuondoki.

Sasa mmoja anataka kuvuka uzio wa watazamaji.

Jumapili, 19 Juni

Kanipeleka gereji kuiona. Ya rangi ya chungwa, mstari wa buluu ubavuni. Nzuri. Nilitafuta kasoro, nikapitisha kidole mpaka chini. Hakuna.

Rick anamwita "Kibo". Mzaramo anaitwa jina la mlima wa watu, na anaitika! Nilikuwa na utani hapo wa wiki nzima. Haukutoka. Nilisimama tu nimeshika kofia. Rick kanipa mkono bila kuniangalia, kamshika Kibwana bega, wakainama pamoja kwenye injini.

Nina wivu. Basi, nimeliandika.

Alhamisi, 30 Juni

Siyo rangi tu tena. Atashika kamba. Winchi ikiinua boti kutoka kwenye trela kuishusha mtoni, lazima wawepo watu wawili wa kushika kamba, mmoja mbele na mmoja nyuma, isiyumbe ikajigonga ukutani. Kibwana ndiye wa nyuma. Kapewa fulana na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Bila kitambulisho, mlinzi hakupitishi.

Kapanda nacho kwenye lifti. Kwenye lifti! Mama mmoja wa ghorofa ya juu kamuuliza kama amepata kazi serikalini.

Kabula ananiambia nimfurahie mwenzangu. Namfurahia. Lakini yule si mwenzangu tu. Baba alipofariki sikuweza kwenda Magu kumzika. Watu walijaa hapa sebuleni, mimi sijui niweke wapi mikono. Kibwana akajilaza mlangoni, akasema hapiti mtu, marehemu alimuahidi kuku, msiba hauendelei mpaka kuku aje. Wazee wa kanisani kwetu, Wakongo, walishangaa. Mimi nilicheka. Nilicheka kisha nikalia, kwa mara ya kwanza. Mtu huyo ndiye Rick anayemchukua kwa fulana ya pamba.

Jumamosi, 9 Julai

Kaja kachelewa, kala filigisi yangu amesimama, kaondoka. Mazoezi ya kamba.

Nimeosha viti vyote viwili.

Ijumaa, 15 Julai

Tumefika. Mahema yamesimama, moja la Kabula na Neema, moja letu, mto umejaa, watu wengi kuliko mwaka jana. Rick alimpa Kibwana kitanda kwenye nyumba yao ya magurudumu. Kakataa. Kasema mtani wake akilala peke yake atanyemelewa na ndege wa mtoni. Nimefurahi kama mtoto.

Halafu jioni nzima Rick hivi, Rick vile. Rick anasema upepo. Rick anasema mkia wa boti. Nikamwuliza kama Rick anajua kuchoma mahindi. Kakiri hajui. Kaendelea na Rick.

Kitambulisho kakitundika kwenye mti wa hema, juu kidogo ya kichwa changu.

Jumamosi, 16 Julai

Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Asubuhi kaenda kuoga. Nikachukua kitambulisho, nikakizika chini ya mkaa ndani ya mfuko. Sikupanga. Mkono ulikwenda nami nikaufuata. Nikajiambia ni utani.

Karudi, hakioni. Kapekua begi, kapekua viatu. Nikamsaidia kutafuta. Niliinua godoro. Nilimwuliza kama hakukiangusha bafuni, akakimbia hadi bafuni, akarudi anahema.

Mlinzi alikataa. Fulana anayo, jina anajua, Rick anamjua, lakini kitambulisho hana. Kapiga simu, injini zinanguruma, nani atasikia? Kasimama kwenye uzio anapunga mikono mpaka winchi ikaanza kuinua boti. Ile ya chungwa. Nyuma kashika kamba kijana fulani aliyeitwa mbiombio. Boti iliyumba kidogo. Kibwana akashika kichwa. Haikugonga.

Akaja akaketi kwenye kiti chake, kando yangu. Nilichokitaka mwezi mzima. Boti zikapita, ukuta wa maji ukapanda, matone yakatufikia kama miaka yote. Nikampa hindi. Akalishika. Hakutazama boti hata moja, alitazama lango. Hindi likapoa mkononi mwake.

Ile ya chungwa ilishika nafasi ya pili. Watu wa Rick waliruka na kukumbatiana upande wa pili wa uzio. Kibwana akapiga makofi akiwa ameketi.

Mchana Kabula akaenda kuongeza mkaa. Kavuta mfuko, kamba ya shingoni ikafuata, kitambulisho hicho, cheusi. Akaniangalia. Familia ya jirani yetu wa kambini nayo ikaangalia.

Nikacheka. Kwa sauti, ya bandia, naisikia mpaka sasa. Nikasema, "Nimekupata leo, Mzaramo!"

Kibwana hakucheka palepale. Aliniangalia usoni kwanza, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kwa mbali. Kisha akacheka, kwa kuwa mtani hakasiriki, ndivyo tulivyolelewa wote wawili. "Umenipata, Msukuma," akasema. Kakifuta kwa fulana yake, kakivaa, kaenda. Mashindano ya siku yalikuwa yamekwisha.

Kabula alingoja Neema aondoke. Hakupandisha sauti. "Mtani akikuchukulia kitu anakuonyesha huku anakucheka. Wewe ulikuwa unamsaidia kutafuta."

Nikaenda kuzima jiko.

Jumapili, 17 Julai

Kamba ya nyuma ni ya yule kijana. Rick kasema hawezi kumtegemea mtu anayepoteza kitambulisho siku ya kwanza. Nimezipata habari hizi kwa Neema, aliyekuwa amesimama karibu na uzio. Kaniambia kwa Kiingereza chake, kisha kaongeza kwamba anko Kibwana alimwambia Rick kosa ni lake, alikiweka ovyo.

Hakunitaja.

Angenitaja ningemchukia kidogo na ningepona. Siku nzima wamemtuma maji na taulo. Kavaa fulana yake, kabeba ndoo. Boti ya chungwa imefika ya tatu na imependeza sana juani. Mimi nimeketi na kiti kitupu pembeni. Nimekitazama kuliko boti.

Wakati wa kurudi kapanda gari la Rick. Kasema anasaidia kushusha vitu.

Jumatatu, 18 Julai

Mikate. Mvua. Nimeshuka ngazi mpaka mlangoni kwake nimwambie ukweli kwamba haukuwa utani. Nikasikia redio ndani. Nikapanda tena.

Jumamosi, 23 Julai

Hakuja. Kabula alipika kuku mzima. Nimemwachia Neema filigisi. Kaisukuma pembeni, kasema inafanana na mpira.

Jumatano, 27 Julai

Nimemwambia. Nilimkuta chini kwenye mashine za kufulia, amekunja ile fulana. Nikasema nilikuwa na wivu, nilikificha kwa wivu, na nikamdanganya mbele ya watu kuwa ni utani. Nilimwomba radhi. Nilisema niende kwa Rick nimweleze.

Kasema hakuna haja. Kasema yamekwisha. Kanishika mkono vizuri, kama tunavyoshikana na watu wa kanisani. Nikapanda lifti mwepesi kabisa. Nilimwambia Kabula tumepatana. Akauliza, "Kakutukana?" Nikasema hapana. Akaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi, 30 Julai

Kaja leo. Kabula alimwita, maana mfungo wake unaanza wiki ijayo na tusingekula naye mchana kwa muda. Kuku wa halali kutoka duka la Waafghani, ugali, mchicha.

Alipiga hodi. Neema alikwenda kufungua akidhani ni mgeni.

Kaleta mfuko wa maembe. Kavua viatu, kavipanga. Kamsalimia Kabula, kaniuliza habari za kazi, nikamwambia nzuri, nikamwuliza za kwake, nzuri. Friji hakuigusa. Kangoja maji ya kunawa yamfikie, kangoja akaribishwe, kala kilichokuwa mbele yake.

Nilijaribu. Nilisema Wazaramo siku hizi wana adabu, au wameuza viwanja vyote wakanunua na adabu. Katabasamu kidogo. Kasema, "Ni kweli, bwana Masanja." Miaka yote hii sikujua kama anajua kulitamka jina langu.

Filigisi Kabula aliiweka juu kabisa ya sahani yangu, upande wa Kibwana. Nikazungumza na Neema nimegeuza uso kwa makusudi, kwa muda mrefu, mpaka Neema akaniuliza nina nini. Nilipogeuka ilikuwa bado ipo.

Kaondoka mapema. Kashukuru kwa chakula. Kabula kaondoa vyombo vyote, sahani yangu kaiacha.

Nimeila. Ilikuwa imepoa.