Kinga ya Moto Chini ya Sanduku la Zuhura

Mulongwe, Uvira

Dada yangu Mwajuma,

Nakuamkia kutoka ng'ambo ya ziwa. Goti lako limepoa? Na Zuhura, analala, au hofu ya harusi imemwondolea usingizi? Mimi mwili wangu mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Sanduku la binti yangu usilisubiri kwenye treni ya Tabora wiki hii. Limezuiwa bandarini huku, na mwenye kosa ni mdomo wangu.

Unamkumbuka yule Mbelgiji mzee niliyekuandikia habari zake, aliyejenga reli China hadi akafukuzwa, ambaye namnakilia madaftari yake. Mambo aliyonieleza, Dada! Zamani sana huko, waganga waliandika habari za mume na mke kama wanavyoandika habari za homa. Katika vitabu hivyo mfalme ndiye mwanafunzi na mwanamke ndiye mwalimu: namna ya kungoja, namna ya kuusoma uso wa mwenzio. Nikasema, huyu si somo wa unyago? Huyu ni Dada Mwajuma kabisa! Halafu wakaja wakubwa waoga, wakapiga marufuku, wakachoma. Watu wakachapa tena kwa siri. Sasa nani atanijia tena kusema unyago wetu ni ushenzi, na kwamba watu walioendelea hawafundishani mambo hayo? Nilimwuliza katekista wa hapa swali hilo mbele ya watu. Akaaga, akaenda zake.

Mzee akanipa kitabu kimoja chembamba cha picha. Alisema mama wa Kichina alikuwa akikiweka chini kabisa ya sanduku la bi harusi, asiseme neno, mtoto akifunue mwenyewe. Na wauza vitabu walikiweka dukani, eti mzimu wa moto ni msichana mwenye haya, akiziona picha zile anakimbia. Wakakiita kinga ya moto. Nikakilaza chini ya kanga za Zuhura, nikafurahi kama mjinga.

Karani wa bandarini akalipekua sanduku hadi chini.

"Hii iko nini?"

"Kitabu cha Kichina, bwana."

"Chine! Weye unaandikaka mu magazeti kila mwezi, sasa unaleta mambo ya Chine?"

Huku anayetaja China hudhaniwa muasi, nikataka kumtuliza. "Si siasa, bwana. Ni kinga ya moto tu."

"Moto? Moto gani? Unataka kuchoma depo?"

Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, akapaza sauti: "Baba, fungua basi, na sisi tuote huo moto!"

Karani alikuwa amekwisha andika: Chine, moto. Nikinyamaza, mimi ni mchochezi, na wachochezi hupelekwa mbali. Nikifungua, mimi ni mzee mchafu anayemtumia mwanawe picha za uchi. Nikafungua.

Akatazama, akafunga, akafungua tena. "Aa, Baba Ramadhani. Na mvi hizi?"

Nilikuwa na hoja, Dada. Waganga, mfalme, mama na sanduku. Haikutoka hata moja.

Mkuu wake ameamuru kitabu kichomwe, na sanduku lingoje barua kutoka juu. Nimekwenda mara nne. Mara ya mwisho niliwasikia nyuma ya mlango, wanafunua kurasa na kucheka. Nilikuwa nimeinua mkono nibishe hodi. Nikaushusha, nikarudi nyumbani.

Basi, mfundishe kwa mdomo, kama mlivyofundishwa wewe na mama yetu. Sanduku likifika kabla ya harusi, atakuta kanga zimevurugwa na chini hakuna kitu. Mwambie tu kwamba baba yake aliweka, hakikumfikia.

Nisalimie shemeji Athumani mshona viatu, shangazi yetu Tatu wa dua, na mama mkwe wa Zuhura, ambaye tafadhali asisikie neno la barua hii.

Jana waliwasha moto wakichome nyuma ya depo, ghala lao la bandarini, mvua ikashuka kutoka milimani ikauzima. Nilicheka peke yangu njiani, nikamkumbuka yule msichana mwenye haya. Leo jua limewaka tangu asubuhi, na kuni zimeshakauka.

Mdogo wako, aliyeishiwa maneno,
Ramadhani