Chef wa Bati ku Mulango

Kamina, siku ya Mungu, kisha misa

Yaya yangu mupenzi Clotilde,

Mbele ya yote nakusalimia. Umelala je huko Bukama? Bwana yako na samaki yake, batoto na masomo yao, bote bako bazima? Siye huku tuko, Mungu anatuchunga. Mama anakohoa kidogo juu ya vumbi ya kiangazi, lakini mudomo yake haijagonjwa hata siku moja, usiogope. Ningekuita ku simu, lakini rezo ya Kamina unaijua, inakatika-katika, na hii habari haiingii mu dakika mbili. Njo maana nimeipa Djo wa treni akuletee. Kaa chini, soma polepole.

Unakumbuka vile uliondoka hapa ukilia. Ulikuya kumuona Papa kisha ugonjwa yake, naye akabaki nyuma ya rido, ile pazia ya chumba yake, akamutuma Mama akuambie amelala. Hakulala, Yaya. Tangu mukono yake ya kuume ilikufa, hakutaka muntu amuone. Alisema chef de gare muzima, mukubwa wa stesheni, aliyeruhusu matreni na ile mukono miaka yote, hawezi kuanza kupa bantu mukono ya kushoto kama mutoto hana malezi. Bora baseme amesafiri. Hata kanisa aliacha.

Sasa Hénoch, ule kijana wa depo ya matreni, akatuma habari kwamba bakubwa bake banakuya kuniomba. Bale ni Baluba ba huku, ba Kabondo-Dianda, na siye ni bantu ba Kasai. Mambo ya ile miaka benyeji ba huku balifukuza bantu ba Kasai, minyi sikuzaliwa bado, lakini weye unajua vile inakaa mu roho hata kama mudomo inacheka. Bakikuya na Papa hayuko, batasema Mukasai anabazarau. Akibapa ya kushoto, batasema mubaya zaidi. Baba mudogo Kabwe alikuwa tayari kukaa mu kiti ya Papa. Nilikataa. Nilisema siolewi kama yatima na baba yangu anapumua nyuma ya kitambaa. Mama akanijibu kwamba basi nitazeekea ku meza yangu ya kutengeneza maradio.

Na kichaa yangu unaijua. Bantu banatupa vitu vimekufa, minyi naokota. Kwanza nilitengeneza mende: katikati ni ile moteri kidogo inatikisisha simu, miguu ni nywele za brosi ya meno, mugongo ni kipande ya bati. Nilipoigusisha pili, ile betri kidogo ya saa, ikakimbia meza yote. Minyi mwenyewe, niliyejua kila waya iko wapi, niliruka nikaita Yesu! Yaya, hakuna kitu kama ile saa. Bati ilikuwa bati, na sasa inatembea mbele yako. Mpaka leo sijazoea, na naomba nisizoee.

Basi nikafanya muntu. Mwili ni mikebe ya sardini, kepi, kofia yake ya kazi, ni nyekundu kama ile ya Papa, moteri niliitoa mu mashini ya DVD ya kufa. Ndani kuko gurudumu ya mbao yenye nundu. Ikizunguka, nundu inasukuma waya, na mukono inapanda. Waya zingine nilizipitisha chini ya ubao ya mulango: mugeni akikanyaga, huyu chef wa bati ananyanyua mukono ya kuume. Nilisema kama Papa hatoki, huyu atabasalimia kwa jina ya Papa. Mama alilalamika kwamba bakwe bataona ni bulozi, uchawi. Lakini kila mara nilijaribu chef, niliona rido ya Papa inasogea.

Wiki ya mwisho nilimufunika chef na gunia juu ya vumbi, nikaitoa tu haraka bageni bakiwa ku mulango. Siku ikafika. Baba Kalenga, noko wa Hénoch, kaka ya mama yake, muntu munene wa kofia, njo alikanyaga wa kwanza. Chef akanyanyua mukono. Ya kushoto.

Yesu wangu! Nilitamani udongo inimeze. Mama alinitupia lile jicho unalijua. Baba mudogo Kabwe akaanza kuomba radhi, eti mashini imeharibika, eti huyu binti kichwa yake si muzuri sana. Baba Kalenga hakumusikiliza. Alitoa kofia, akainama mpaka magoti ikalia, akashuka ku ubao, akakanyaga tena. Mukono ikapanda tena. Akarudilia kama mutoto, macho wazi kabisa, akauliza pole pole nani alimupa huyu muntu pumzi. Kisha akapiga makofi vile kwao banasalimia mukubwa, na kwa vidole vya kushoto akashika ile mukono ya bati.

Hapo rido ikafunguka. Papa, shati imefungwa vifungo bila mupango, akatembea mpaka kando ya chef, akanyoosha mukono yake ya kushoto. Alisema katika hii nyumba sasa tunasalimia hivi. Baba Kalenga akapiga makofi mara ingine, akaishika na mikono yake yote mbili, na hakuiachilia haraka. Mama akakimbia kuleta viti.

Tulikula bukari, ule ugali wetu, na samaki ulituma, na maneno ya ndoa ilienda muzuri. Lakini sikia sasa kitu sijamuambia hata Hénoch. Bageni balipoondoka, nilifungua chef nitafute kosa yangu. Kosa haikuwako. Mukono ilikuwa imetolewa ku bega moja na kufungwa ku ingine, tundu mupya, gurudumu imegeuzwa, na bati yote imechubuka pale turnevisi, bisibisi yangu, iliteleza. Nikamuangalia Papa. Akaficha vidole, vilikuwa na vidonda. Ile wiki, kila mara nilienda soko, Papa alimubana chef katikati ya magoti na kufanya kazi na ile mukono moja, mukono haiwezi hata kufunga shati! Nilimuuliza juu ya nini. Alisema alitaka kumutuma mbele yake. Kama bangemucheka ule wa bati, yeye angebaki nyuma ya rido mpaka kufa.

Nililia, Yaya. Papa akaniambia niache makelele, nimutafutie turnevisi yenye mupini munene, hii yangu inateleza.

Sasa kuya. Chef iko ku mulango, na Papa amekataza muntu kumurudishia mukono ku bega ya kuume. Ukifika, kanyaga ubao, na usilete ya kuume. Na alinikataza kukuandikia hii, lakini naandika: siku ile uliondoka ukilia, alikuwa amesimama nyuma ya rido, mukono ya kushoto imekwisha kunyooshwa. Hakupata tu namna ya kutoka.

Musalimie shemeji, ubusu batoto. Mama anasema usisahau samaki.

Ni minyi mudogo yako,
Mbelu