Mama, Ile Picha Yako ya Mafuriko

Mama yangu mpendwa,

Sasa hivi mjukuu wako Furaha amelamba picha yako. Alikuwa anakula mihogo kwa mawese, akaona na weye una njaa. Nimekupangusa, shavu moja limebaki linang'aa.

Ni ile picha ya mafuriko. Mto Mulongwe ulikuwa umekula nyumba yetu, ukatuachia mlango umesimama peke yake. Shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, akaleta mpiga picha apige kila familia mbele ya uharibifu wake, ili watu wa msaada waone nani wa kupewa mabati. Avenyu nzima ikaoga kwanza. Jirani yetu alifunga kravati. Lakini weye ulizidi, mama. Ulipanda mlimani kuazima liputa kavu, kitenge cha kujifunga, ukanisuka nywele tumekanyaga matope, kisha ukakataa kusimama ku kiwanja chetu.

"Hapa iko buchafu," ukasema, ukatupanga mbele ya nyumba ya bluu ya mwenye duka, ambayo maji hayakuigusa.

"Mama, miye niko napiga mafuriko," mpiga picha akalalamika.

"Yapige, yako pale nyuma. Miye sipigwi kama muntu wa matope. Wajukuu wataniona."

Watu wa msaada walipotazama zile picha, wakauliza harusi ilikuwa ya nani. Wakatuachia sabuni, wakaenda zao.

Nilikununia wiki nzima. Lakini tangu ututoke, sina picha yako nyingine. Furaha anajua tu kwamba bibi yake, tate kama anavyokuita, ni mwanamke mzuri wa nyumba ya bluu, na mimi simsahihishi.

Leo watu wa msaada wanarudi kutupiga picha upya. Asubuhi shefu amepita hema kwa hema: "Leo hakuna kuoga. Na wee Mama Furaha, usicheke, unacheka kama mama yako." Mabati nayataka, mama. Hema linavuja upande anaolala mtoto. Kwa hiyo nimejiapia: nitatoka na nguo hii ya kufulia, nisimame penye mlango wetu, ninune.

Shefu yuko anaita: "Mama Furaha, kuya! Kuya vile uko!"

Naenda, mama. Vile vile nilivyo. Ila kichwa, kichwa hakitoki wazi mbele ya watu, acha nifunge tu kile kitambaa chako cha kwendea harusi.