Makaa Utabeba Mwenyewe

Mwanahawa,

Sikuamkii. Salamu hudai jibu, nawe umekwisha kujitoa katika wajibu huo, kama ulivyozoea kujitoa katika wajibu mwingine. Nimeketi mezani kwangu hapa Mikumi. Malori ya Iringa yananguruma barabarani, na madaftari ya wanafunzi nimeyasogeza pembeni. Nilitaka hasira ipoe ndipo nikuandikie. Haikupoa, basi nakuandikia nayo.

Nianze na habari, kwa kuwa ulipenda habari kuliko chakula. Sanda yako ilipatikana kwa taabu. Madukani Kilosa hakuna kitambaa, wala cheupe wala cha rangi, na shemeji yako alipanda treni hadi Morogoro kukiombea kibali. Wewe uliyejiita binti wa mtawala umezikwa kwa nguo ya kuombwa. Mumeo amekonda kidogo. Wajomba walipomuuliza kama ataoa tena, alikataa, lakini hakukataa kwa nguvu. Gauni lako la kijani, lile ulilokuwa ukilifungia sandukuni nisiliguse, amelivaa mke wa jirani kwendea kisimani. Binti yako Zuhura hajambo. Ana macho yako, na namshukuru Mungu kwamba hana ulimi wako.

Sasa niseme nililolikalia miaka yote hii.

Unakumbuka siku ya kwanza shuleni Kilosa? Mimi mtoto wa mkata mkonge wa Rudewa, Mnyamwezi niliyezaliwa kambini, nimevaa kaptura ya kaka yangu chini ya gauni. Wewe ulinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, ukasema mbele ya darasa zima, "Karibu, mbeba pembe. Mzigo wako umeuacha wapi?" Nililia njia nzima mpaka nyumbani. Mama yangu alicheka akapangusa macho. Akanieleza kwamba Wasagara ni watani wetu, kwamba babu zetu walipita kwao na mizigo ya pembe wakapigana, wakapatana, wakawekeana utani. Mtani hakasirikiwi. Akikutukana, nawe mtukane. Akifiwa, nenda ukamcheke. Kesho yake nilikukuta mlangoni mwa darasa nikakuambia, "Msagara wewe, mnalala mlimani mkiuogopa mto wenu wenyewe." Ulifurahi kana kwamba nimekupa zawadi. Toka hapo hatukuachana. Miwa ya kandokando ya Mkondoa tulikula mimi nawe, na Mkondoa ulipofurika ukaingia mjini, nilikuwa nimelala kwenu, kitanda kimoja nawe, nikisikia maji yakigonga sufuria za mama yako.

Nilikupenda. Liandike hilo mahali, maana sitalirudia.

Uhuru ulipokuja, serikali ilihitaji watu wenye elimu upesi, nasi tukapelekwa Ulaya. Mimi nilikwenda Ujerumani ya Mashariki kusomea ualimu, wewe ukaenda Chekoslovakia kusomea ukunga. Likizo ya majira ya baridi ilipokaribia, bweni letu la Ujerumani lilikuwa linafungwa, nawe ukaniandikia, "Njoo Praha. Nina chumba kwa mama mmoja mjane. Tutapika ugali wa unga wa ngano, tutacheka mpaka theluji iyeyuke." Nilisafiri kwa treni siku nzima nikiwa nimesimama. Sikuhisi miguu. Nilikuwa nakwenda kwa mtu wangu.

Jioni ile mezani tulikuwa wanne: mimi, wewe, mama mwenye nyumba, na yule mwanafunzi wa udaktari kutoka Ghana uliyekuwa ukimtazama kama mtoto anavyotazama embe la jirani. Akakuuliza kwa Kiingereza mimi ni nani wako. Nawe ukajibu kwa Kiingereza hicho hicho, huku ukinikonyeza, "Huyu ni mtumwa wa nyumba yetu. Babu yangu alimnunua babu yake kwa kibaba cha chumvi."

Nikacheka.

Ningefanya nini? Ndivyo tulivyolelewa. Mtani akirusha, unapokea na kurudisha. Nilicheka kwa sauti, nikakurudishia kwa Kiswahili, "Na chumvi yenyewe ilikuwa ya wizi." Ukacheka nawe. Kisha nikaona kwamba tunacheka wawili tu. Mghana alikuwa ameweka uma chini. Mama mwenye nyumba, alipotafsiriwa maneno yale, alinitazama kwa huruma, kisha akaitazama sahani yangu. Kiswahili hawakukijua, walichokiona ni msichana aliyeitwa mtumwa akakubali kwa kicheko.

Nilingoja useme, "Ni mchezo wa kwetu." Ni maneno manne, Mwanahawa. Uliuliza kama kuna viazi zaidi.

Usiku huo godoro langu lilihamishiwa jikoni. Asubuhi nilikuta viatu vya nyumba nzima vimepangwa mbele ya mlango wa jiko, vyako vikiwa vya kwanza. Mama mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwamba kila mtu ana kazi yake. Akanionyesha ngazi ya kushukia chini ya nyumba, mahali palipokuwa na makaa ya mawe, akanipa ndoo. Nilikufuata chumbani kwako nikakuuliza, bila utani, utawaambia lini. Ulikuwa unachana nywele mbele ya kioo. Hukugeuka.

"Vumilia, mtani," ulisema. "Nikikanusha hili, wataniuliza na mengine."

Ndipo nikayajua hayo mengine. Ulikuwa umemwambia yule kijana kwamba baba yako ni mtawala wa bonde zima la Kilosa, na kwamba reli inapita kwa idhini yake. Baba yako, Mzee Salumu, Mungu amrehemu, alikuwa mshika bendera wa stesheni. Ni kweli treni zilisimama alipoinua mkono. Alikuwa mtu safi, aliyenipa maji ya kunywa kila nilipopita, na wewe ulimwona hatoshi.

Nilikuambia, "Baridi inaniua jikoni." Ukanijibu, "Inakuuaje nawe ndiye uliye karibu na moto?" Ukacheka peke yako. Na kwa kuwa ulisema kwa kucheka, sheria yetu ilinifunga mdomo. Ulijua itanifunga. Hapo ndipo ukatili wako ulipokuwa: kisu ulikifunga kwa kitambaa cha mila, ili nikilia nionekane mimi ndiye nisiye na adabu.

Nilibeba makaa likizo nzima. Bweni limefungwa, sina ndugu wala kwa kwenda. Nilipika ule ugali wa unga wa ngano, nikaula nimesimama. Kila nilipoingia na ndoo sebuleni mlinyamaza, kisha mkaendelea na mazungumzo yenu juu ya Afrika mpya. Siku moja yule kijana alinifuata ngazini. Akanipa glavu zake kuukuu na kuniambia kwamba bara letu sasa ni huru, kwamba nisiogope, nikimbie. Nilimtazama. Ningemwambia kweli, ningekuvua nguo wewe na baba yako. Nikasema, "Asante, bwana." Sikumwambia. Ulipata kujiuliza kwa nini?

Lakini Mungu naye ana utani wake. Kijana yule mwenye msimamo hakuweza kumwoa mwanamke ambaye ukoo wake unamiliki watu. Alikuacha kabla masika ya Ulaya hayajafika. Uliniletea karatasi yenye mstari mmoja: "Umenikosesha mume." Mimi! Niliisoma darasani nikacheka hadi mwalimu akanitoa nje. Nilifurahi, Mwanahawa. Nasema bila kupepesa macho: nilifurahi.

Tulirudi nchini. Ujamaa ukaja, nasi sote tukawa ndugu. Nilikuja siku ile ulipowahutubia wanawake wa Msowero waliohamishiwa kijiji kipya. Ulisimama juu ya gogo, umejifunga kanga ya chama, ukatangaza kwamba katika nchi hii hakuna bwana wala mtumwa. Kisha macho yako yakanitafuta kwenye umati, na ukanikonyeza. Wanawake walipiga vigelegele. Nami nilipiga. Nilikuwa nimekuletea nyanya za Mikumi kikapu kizima, na mgongo wangu ulikuwa ungali unaikumbuka ile ndoo.

Kila tulipokutana nilingoja. Sikutaka kuombwa msamaha kwa magoti. Nilitaka neno moja lisilo na mzaha: kwamba mimi sikuwa mtumwa wako, nilikuwa rafiki yako. Nawe kila mara ulikwepa, kama samaki wa Mkondoa.

Ulipolazwa nilipanda treni ya Kidatu nikashuka Kilosa. Nilipotokea mlangoni mwa wodi ukamwambia muuguzi, "Mpishe huyo, ni mtumwa wangu, amekuja kunibebea mizigo." Muuguzi, binti wa kwenu, alicheka. Nami nikajibu kama ilivyonipasa, "Kufa upesi, Msagara, watu tuna hamu ya pilau." Ulicheka mpaka ukakohoa. Nilikaa kando ya kitanda mpaka jua likaegemea milima. Mkono wako ulikuwa mwepesi kama ganda la karanga. Mara ukafumbua macho ukasema, "Kulwa."

Jina langu! Nilisogea. Nilisogea karibu kabisa.

"Kulwa, nisogezee maji."

Nilikusogezea. Kesho yake ukafa, wala pilau haikuwepo, maana mchele nao haupatikani.

Sikulia. Mtani halii msibani. Kazi yake ni kuwachekesha waliao. Wengine waliachiwa machozi, mimi nikaachiwa mchezo. Basi nikaucheza. Wanaume walipokuja kulitoa jeneza nililala kizingitini, kifudifudi, na gauni langu la ualimu, nikasema halipiti. Watu wakaanza kutabasamu. Nikasema, "Nataka haki yangu kwa maiti huyu. Sikilizeni! Alikuwa malkia huko Ulaya. Alisema reli ya Kilosa ni ya baba yake. Alinilaza jikoni, akanibebesha makaa, akanipangusisha viatu, mimi niliyemfuata kwa mapenzi." Nilisema yote, Mwanahawa. Nilimtaja Mghana, nikazitaja glavu. Nilisema mpaka sauti ikanikatika.

Walicheka hadi wengine wakaketi chini. Mama mmoja alisema hajapata kumsikia mtani fundi kama mimi, kwamba nimetunga hadithi kama nilikuwapo. Zuhura, aliyekuwa hajala wala kunena siku ile, alicheka akashika ubavu. Kisha mjomba wako mzee, akihofia sala itapita, akapaza sauti, "Mpeni kuku mtumwa huyu atupishe, jua linakwenda!"

Hakujua alichosema. Kwake ulikuwa utani, mwema kabisa, na mahali pake palikuwa hapo hapo. Nilinyanyuka. Nilimpokea kuku kwa mikono miwili, kwa adabu, nikapisha. Ukapita juu ya mabega ya watu sita, na mimi nimesimama ukutani na kuku anayepigapiga mabawa. Mara ya mwisho kukuona, hata kukuaga sikukuaga.

Kuku nimemla peke yangu. Alikuwa mgumu.

Kabla sijaondoka, Zuhura alinifuata nyuma ya nyumba. "Shikamoo, Mama Mkubwa." "Marahaba." Akasimama akichora chini kwa kidole cha mguu, kama wewe. "Ile ya Ulaya, Mama Mkubwa. Ile ya makaa. Ni kweli?"

Alikuwa ananitazama kwa macho yako. Kweli ilikuwa mdomoni. Ningeitema, na ungekufa mara ya pili, safari hii machoni pa yule unayempenda kuliko nafsi yako. Nilikuwa na haki. Hata sasa ninayo.

Nikamwambia, "Mwanangu, ulipata kumsikia mtani akisema kweli msibani?"

Akacheka, akapangusa pua. Umepona, Mwanahawa. Umepona tena, na kwa mara nyingine kwa mdomo wangu. Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako.

Shule yao itafunga karibuni, nami nimemwalika Mikumi kwa likizo. Nakuahidi hivi, na ahadi zangu huwa nazitimiza, tofauti na za watu fulani. Atalala chumbani, kwenye kitanda changu, na jikoni hataingia ila kwa kupenda kwake. Atakula ameketi. Wageni wakiuliza ni nani, nitawajibu kwa lugha watakayoielewa: ni mtoto wa rafiki yangu. Fungua macho huko uliko utazame mgeni anavyopokewa.

Basi, kwaheri. Ardhi ya Kilosa ina maji mengi. Jifunike vizuri hiyo sanda ya kibali. Wakikuuliza huko mimi ni nani wako, jibu kwanza, ndipo ucheke. Nami zamu yangu ikifika nitakuja, na nitaketi. Ikiwa huko kuna baridi, ngazi ya makaa utaitafuta wewe, na ndoo utaibeba wewe.

Mtani wako,
Kulwa